Kushika Raketi kama Kalamu

Kila Jumapili baada ya Misa, vijana wa parokia yetu hapa Bukavu hukusanyika ukumbini penye meza ya ping-pong. Alikuwako mmoja aliyeshika raketi kama ashikavyo kalamu darasani. Wenzake walimcheka, nasi, badala ya kuwanyamazisha, tukamlazimisha ashike kama wao, mfano wa mtu ampaye mwenzake mkono. Tangu siku ile mchezo wake ukaharibika, na baada ya majuma machache hakuja tena.

Kosa lilikuwa letu, kwa maana sheria za mchezo hazimwagizi mtu namna ya kushika. Mjapani Ogimura alishika vivyo hivyo alipokuwa bingwa wa dunia mwaka 1954 na 1956. Na Rong Guotuan, Mchina wa kwanza kupata ubingwa wa dunia katika mchezo wo wote, mwaka 1959.

Basi, mpini hupita kati ya kidole gumba na kidole cha pili, navyo huubana kwa mbele. Vidole vitatu vilivyobaki huegemea nyuma ya raketi: Wachina huvikunja, Wajapani na Wakorea huvinyosha. Usikaze sana, kwani faida kubwa ya namna hii ni kifundo cha mkono kilicho huru. Mpini mfupi wafaa zaidi. Asiyeupata na aanze na mrefu.

Atumiaye mkono wa kulia atakuwa na nguvu upande huo, wala mpira ujao kifuani hautamtatiza. Taabu iko kushoto. Huko yampasa ausukume mpira kwa uso ule ule wa raketi, au akimbie apate kuupiga kwa upande wake wa nguvu. Mvivu wa miguu asiichague namna hii! Katika miaka ya 1990 Mchina Liu Guoliang alionyesha njia nyingine, ya kupiga kwa uso wa nyuma, akashinda Olimpiki ya mwaka 1996. Lakini mwaka 2004 huko Athens, Ryu Seung-min wa Korea Kusini, aliyetegemea uso mmoja na miguu yake, alimshinda Wang Hao mwenye kutumia nyuso zote mbili, kwa seti 4 kwa 2.

Juma lililopita tulikutana na kijana yule sokoni Kadutu, tukamwomba radhi. Alitabasamu, asijibu neno. Raketi yake ingali sandukuni mle ukumbini.