Tusakinishe Ubuntu, Tuyajadili Maneno Yake

Tunasoma isimu ya lugha za Kiafrika, lakini ordinatere za karibu sisi wote zinazungumza Kifaransa. Ukiwashauri wenzako wajaribu mfumo endeshi mwingine, jibu ni moja: hatari. Wana sababu. Mwenzetu mmoja alitaka kuweka Linux kando ya Windows, akakosea katika hatua ya kugawa diski, na rekodi za wazee wa Kisanga alizozikusanya mwezi mzima zikafutika.

Iko njia isiyogusa diski hiyo: mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Unasakinisha VirtualBox, programu ya bure, ndani ya Windows. Unaikatia mashine pepe sehemu ya kumbukumbu, tuseme gigabaiti 4 kati ya 8, na faili moja la gigabaiti 25 linalojifanya diski yake. Humo ndimo unamosakinisha Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Kisakinishi kikikuuliza kama kifute diski nzima, kinazungumzia faili hilo tu. Ukiharibu, unalifuta na kuanza upya. Mwenye gigabaiti 4 tu ajaribu Lubuntu, iliyo nyepesi zaidi. Itakwenda polepole, lakini itakwenda.

Mwanaisimu atapata nini? Praat na ELAN zinafanya kazi kwenye Windows pia, kwa hiyo sitadai kwamba tunahamia huko kwa ajili yake. Faida ninayoiona mimi ni maneno. Chagua Kiswahili kuwa lugha ya mfumo, utaona menyu nyingine zimetafsiriwa na nyingine zimebaki Kiingereza. Windows nayo imewahi kuwa na Kiswahili, ila neno lisilokuridhisha hukuweza kulibadilisha mwenyewe. Katika programu huria tafsiri ni kazi ya watu wa kujitolea: yeyote anaweza kupendekeza neno, na kulijaribu kwanza ndani ya mashine pepe.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituonyesha njia mwaka 2004, kilipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Sisi wa Lualaba je? Hata jina Ubuntu ni la ngeli ya 14, kutoka lugha za Kinguni. Ni ndugu wa utu na wa bumuntu ya Kiluba. Anayesema bukari na bunga kila siku anakitambua kiambishi hicho bila kufundishwa. Lakini maneno ya kompyuta tunawaachia wengine watuchagulie, kisha tunalalamika kwamba hayaeleweki Kolwezi.

Vikwazo vipo. Megabaiti ni ghali, na faili la kusakinishia Ubuntu ya sasa linazidi gigabaiti 5. Umeme nao hukatika, katika mji ambao kobalti yake inaingia kwenye betri za dunia nzima. Ndiyo maana napendekeza kitivo kilipakue mara moja, tugawane kwa flashi. Kisha walimu watutengee vipindi viwili: kila mwanafunzi alete maneno kumi ya menyu, aeleze yangeeleweka vipi nyumbani kwao, na tupeleke mapendekezo yetu kwa watafsiri.

Na kabla ya yote, kila mtu anakili rekodi zake mahali pengine. Mashine pepe haizuii diski kufa.