Mulini haifi bule

UKURASA WA KAZI YA MIKONO



Mu site zetu za migodi, kutoka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, kuko jamaa nyingi zinazoishi na mulini. Zamani Union Minière, na kisha yake Gécamines, iligawa unga kwa wafanyakazi. Posho ile ilikwisha. Mu miaka ya 2003 na 2004, wakati wafanyakazi karibu 10,000 wa Gécamines waliacha kazi, wengine walitia feza yao ya mwisho mu mulini. Kila meka ya mahindi inayosagwa inatoa bukari, dawa na minervali ya watoto.

Lakini siku moja motere inasimama. Hapo watu wanaanza kusema: «Ile haiko bule. Kuko mutu alifanya kintu.» Jirani anaangaliwa vibaya. Pengine hata mutoto mudogo wa nyumba anaitwa mulozi, anapigwa, anafukuzwa. Wapendwa, mbele ya kutafuta mulozi, chomoa joji ya mafuta uangalie. Mara nyingi jibu liko pale.

Leo tunaongea juu ya motere ya mazutu ya silindri moja, yenye kupozwa na maji, na mulini ya nyundo. Kama kitabu cha motere yako kinasema ingine, fuata kitabu.

KILA ASUBUI, mbele ya kuwasha

1. Mafuta. Motere ikiwa baridi na imesimama sawasawa, chomoa joji, panguza, ingiza tena, kisha angalia. Mafuta iwe katikati ya alama mbili. Ikipungua, chuma inasuguana na chuma: kusinet zinaungua, na vilebrekini inaharibika. Uulize ku soko bei ya litre moja ya mafuta, uulize na bei ya vilebrekini. Utaelewa upesi.

2. Maji. Jaza maji safi. Maji ya mvua ni mazuri. Uangalie tena mara kwa mara mu kazi. Kama maji ilikwisha na motere ni moto sana, usimwange maji ya baridi: chuma inaweza kupasuka. Zima, ngojea ipoe.

3. Filtri ya hewa. Vumbi ya unga, na vumbi nyekundu ya wakati wa kiangazi, inaingia humo. Filtri ikijaa, motere inakosa hewa na kutoa moshi mweusi. Kama iko ya kubakuli cha mafuta, ondoa matope na utie mafuta mapya mpaka ku alama. Usiwashe hata siku moja bila filtri: vumbi inakula silindri.

4. Buloni. Mutetemo wa mulini unazilegeza. Pitisha kile ku kila moja.

KILA SIKU YA POSHO, magaribi

Zima motere, kisha gusa mukanda. Ukiusukuma na kidole katikati, ushuke kidogo tu, karibu santimetre moja ao mbili. Ukilegea, unateleza na kuungua. Ukikazwa sana, unaharibu rulma. Fungua mulini, ondoa unga wa zamani, tazama kichungio kama kimetoboka. Nyundo zikilika upande mumoja, uzigeuze. Ukizibadilisha, badilisha zote pamoja, sababu nyundo moja mupya kati ya zile za zamani inapoteza usawa, na mulini inatetemeka yote.

KISHA SAA 100 ZA KAZI

Badilisha mafuta yote (motere mupya: mara ya kwanza kisha saa 50), na usafishe filtri ya mazutu. Fanya hesabu: ukisaga saa 6 kwa siku, saa 100 zinafika kisha siku 16 ao 17 tu za kazi! Kwa hiyo nunua kaye kadogo. Kila siku andika saa za kazi, mafuta iliyotiwa, na feza iliyoingia. Mbele ya kugawa feza, weka fungu la mafuta na la mukanda ku sanduku la pekee. Mafuta ya zamani usiimwange karibu na kisima. Iweke mu bidoni.

Mazutu ya bidoni mara nyingi inachanganyika na maji. Iache itulie usiku muzima, chota ya juu, uichunge na kitambaa safi. Usimalize ile ya chini.

MOSHI UNASEMA

Mweusi: hewa haitoshi, ao mahindi inaingia mingi kupita nguvu. Wa bluu: motere inachoma mafuta yake. Mweupe usioisha hata motere ikipata moto: mazutu haiungui vizuri, ao maji inaingia. Hapo muite mekanisie mbele haijasimama.

MAMBO YA KUOKOA UZIMA

Mukanda ni lazima ufunikwe na kizuizi cha chuma ao cha mbao. Kitenge cha mama kikikamatwa, hakuna mutu wa kusimamisha motere kwa upesi wa kutosha. Mama mwenye mutoto mugongoni asipite upande ule. Bomba la moshi litoke inje ya nyumba: moshi ule una gazi isiyo na harufu inayoweza kuua watu mu chumba kilichofungwa. Na hakuna kurekebisha kintu motere ikizunguka, hata kama watu wanapanga mustari na kupiga kelele.

Kijana wa mulini, usiogope kumuambia patron: «Papa, mafuta imepungua, siwashe.» Na wewe papa, usimukaripie. Anakulindia mali. Wale mabikira watano wa Injili ya Matayo hawakurogwa na mutu. Waliondoka tu bila mafuta ya kutosha.

MAULIZO YA KUONGEA MU JAMAA

1. Kwetu, nani anaangalia mafuta kila asubui? Akikosekana, nani anafuata?
2. Kintu kikiharibika nyumbani, tunatafuta sababu kwanza, ao tunatafuta mutu wa kushitaki?
3. Kuko mutu tulimushitaki bule? Tutamuomba musamaha siku gani?