Punguzeni Miche, Mgawane Ziada

Masika yakishika, matuta ya nyuma ya nyumba zetu hujaa kijani. Mbegu zilizomwagwa kwa mkono mmoja zimeota karibu zote, na mwenye bustani hana moyo wa kung'oa hata mche mmoja. Nawaombeni mng'oe. Miche iliyobanana hugombea mwanga, maji na mbolea, ikarefuka bila nguvu. Unyevu ukituama katikati yake, huingia kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha shina usawa wa udongo, na tuta zima laweza kulala chini kwa siku chache.

Karoti ndiyo tunayoidhulumu kuliko zote. Tunaipanda kwa msongamano, tunaiacha hivyo hivyo, halafu tunalaumu mbegu tunapovuna vizizi vyembamba vilivyosokotana. Iachieni sentimita 5 hadi 8 kati ya mche na mche. Na msihangaike kuihamisha, maana mzizi wake ukijeruhiwa hugawanyika. Bitiruti nayo itawashangaza: hata mkidondosha mbegu moja moja, miche miwili au mitatu hutokea shimo moja, kwa kuwa kile tunachokiita mbegu huwa ni kifundo cha mbegu kadhaa zilizoshikana. Bakizeni mche mmoja wenye afya.

Subirini miche itoe majani halisi mawili au matatu. Fanyeni kazi hii jioni, mkiwa mmeshamwagilia ili udongo ulegee. Mizizi ikiwa imeshikana, kateni mche dhaifu kwa mkasi, msiung'oe, kisha mwagilieni tena taratibu.

Ziada isitupwe. Mchicha mchanga ni mboga ya usiku huohuo, na hata majani ya bitiruti na figili hupikwa. Sukuma wiki, kabichi na nyanya hustahimili kuhamishwa, na hapo ndipo ujirani wetu unapohitajika. Kuna mpangaji mwenye kiroba kimoja tu cha udongo kibarazani, kuna shule ya mtaani yenye bustani isiyo na kitu. Wapelekeeni, na muwaambie sukuma wiki hutaka sentimita 45 hadi 60 kila upande.

Basi wiki hii tengeni jioni moja. Ifungeni miche kwenye jani bichi la mgomba, muifikishe kwa jirani siku hiyohiyo, kabla mizizi haijakauka.