JE, PEPO YA MKE IMO MIKONONI MWA MUME?



Ndugu Waislamu, katika mawaidha ya ndoa hapa Mwanza tumezoea kusikia bibi harusi akiambiwa kwamba pepo yake ameishika mumewe. Asemaye hivyo mara nyingi hatoi aya. Anachotoa, ajue asijue, ni maneno ya Utendi wa Mwana Kupona.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mwanamke wa Pate, katika pwani ya Kenya ya leo, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sayyid Said wa Zanzibar. Aliutunga utendi huo mwaka 1858, naye ni mgonjwa, ili amuusie binti yake, Mwana Hashima. Ni wasia wa mama aliyechelea kwamba hatakuwapo, nasi hatuudharau. Mwanamke wa karne ya 19 aliyetunga beti mia moja hivi ni hoja tosha dhidi ya wanaowanyima mabinti zao elimu.

Lakini ndani yake mna kauli kwamba Siku ya Kiyama mume ataulizwa anataka mkewe apelekwe wapi, na alitakalo ndilo litakalotendwa. Hapa hatuna budi kusimama. Hukumu ya siku hiyo ni ya Allah peke Yake. Tena Suratut-Tahrim (66:10-11) imeweka wazi: wake wa Nuh na Lut (a.s.) walikuwa chini ya Mitume wawili, na hilo halikuwafaa kitu, mke wa Firauni aliomba kujengewa nyumba Peponi, akawa mfano kwa walioamini. Lau Firauni ndiye angeulizwa, angejibu nini?

Hatusemi kwamba kumtii mume katika wema si ibada. La hasha! Tunachokataa ni nusu ya mkataba kusomwa kwa sauti na nusu ya pili kumezwa. Mwana Kupona alizungumza na binti yake. Hakuwa akimuusia mkwe. Sheikh anayesimama mbele ya wote wawili hana udhuru huo.

Na huku kwetu ziwani madhara yake yanaonekana. Mume huvuka kwenda kambi za uvuvi, Ukerewe au Kome, akakaa miezi bila kuleta hela ya unga. Mke akienda Mwaloni kununua dagaa akauze, watoto wapate kula, anaambiwa ametoka bila idhini, na kwamba pepo ameikosa. Ni nani aliyeanza kuvunja ahadi? Hind binti Utba (r.a.) alipomshitakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa Abu Sufyan, hakuambiwa arudi akasubiri radhi za mume. Aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Huyu wetu, ambaye mume hakuacha hata cha kuchukua, atakula nini?

Tunawaomba maimamu wetu, katika khutba ya nikaha ijayo, waanze na Suratun-Nisaa (4:19) na Suratut-Talaaq (65:7). Na kabla bibi harusi hajausiwa lolote, bwana harusi aulizwe mbele ya mashahidi: ukivuka kwenda kisiwani, nyumbani utaacha nini, na kikiisha, nani atakileta kingine?