Uwanja wa Shule Usigeuzwe Kiwanja cha Kujengea

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili ya ukoo mmoja ambayo, kwa maoni yangu, yanatosha kueleza tatizo zima la michezo nchini Kenya. La kwanza ni uwanja, yaani mahali peupe palipo wazi. La pili ni kiwanja, ambalo hutumika kwa mahali pa kuchezea na vilevile kwa kipande cha ardhi cha kujengea nyumba. Katika shule zetu nyingi, uwanja unazidi kupungua na kiwanja cha kujengea kinazidi kupanuka, huku macho ya taifa yakielekezwa kwenye majumba makubwa ya michezo yaliyoko Nairobi.

Naandika haya nikiwa Sironga, katika Kaunti ya Nyamira, na nayaandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi hasa. Sehemu hii ya nchi ina haki ya kuzungumzia viwanja vikuu vya michezo ya kimataifa, kwani wana wake walivifikia kabla Kenya yenyewe haijawa na kimoja. Nyandika Maiyoro alikimbia Vancouver mwaka 1954 katika Michezo ya Himaya na Jumuiya ya Madola, akamaliza wa nne katika mbio za maili tatu. Mwaka 1956 alikuwa Melbourne, katika Olimpiki ya kwanza ambayo Kenya ilishiriki, akawa wa saba katika mita 5,000. Naftali Temu alishinda mbio za maili sita mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1966. Miaka miwili baadaye, katika uwanja wa chuo kikuu mjini Mexico, alishinda mita 10,000 na kuiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Na wale vijana wanne walioshinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mjini Munich mwaka 1972, watatu wao walikuwa wa Gusii: Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko. Wa nne alikuwa Julius Sang.

Msomaji na atazame tarehe hizo kwa makini. Uwanja wa Taifa wa Nyayo ulifunguliwa mwaka 1983. Uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa msaada wa China na kutumiwa kwa Michezo ya Nne ya Afrika mwezi Agosti 1987. Kwa hiyo Temu na wenzake walikwisha kutwaa dhahabu zao zaidi ya miaka kumi kabla ya majengo hayo kusimama. Uwanja mkuu humpokea bingwa aliyekwisha kuiva, lakini kazi ya kumwivisha hufanyika penginepo.

Sisemi kwamba Kasarani haina faida. Nusura ituletee dhahabu ya kandanda mwaka ule wa 1987, ila Misri ikatushinda bao moja kwa bila katika fainali. Mwaka 2017 ilijaa watu waliokwenda kutazama mashindano ya dunia ya riadha ya vijana wa chini ya miaka 18, na mwezi Agosti 2025 ilipokea michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Taifa lisilo na mahali pa kukaribishia wageni haliwezi kujivunia michezo. Lakini tangu mwaka 1987 Michezo ya Afrika haijarudi Kenya. Jengo kama hilo huhitaji kutunzwa kila siku, ilhali michezo mikubwa huja kwa nadra sana. Wenzetu wa Montreal, Kanada, walimaliza kulipa deni la uwanja wao wa Olimpiki ya 1976 baada ya miaka 30. Wakimbiaji wetu, kwa kuwa Kenya iligomea michezo ile, hawakuukanyaga hata mara moja.

Wagiriki wa kale, ambao ndio asili ya neno stediamu, hawakuanza na jengo. Stadion kwao kilikuwa kipimo cha umbali, kama mita 192 kule Olimpia. Kisha likawa jina la mbio za umbali huo, na mwishowe jina la mahali pa kukimbilia. Mkimbiaji alitangulia, viti vikafuata. Sisi leo tunaanza na viti, na mkimbiaji tunatumaini atajitokeza.

Atajitokeza wapi? Gusii ni nchi ya milima, watu ni wengi na mashamba ni madogo. Shule inapoongezewa wanafunzi, darasa jipya hujengwa pale palipo wazi, napo ni uwanjani. Pengine jirani husogeza ua wake hatua moja kila mwaka. Kwingineko mambo yamekuwa mabaya zaidi: mwezi Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa mabomu ya kutoa machozi na polisi walipopinga kunyakuliwa kwa uwanja wao. Na hata pale uwanja ulipobaki, kipindi cha elimu ya viungo kilichoandikwa kwenye ratiba mara nyingi humezwa na hisabati.

Wapo watakaoniuliza: je, watoto wasomee chini ya mti ili mpira uchezwe? La hasha. Madarasa yajengwe, lakini yapande juu kwa orofa badala ya kutambaa uwanjani. Shule jirani zisizo na nafasi zitumie uwanja mmoja kwa zamu. Kila shule ya umma ipimiwe ardhi yake na kupewa hatimiliki, na uwanja uonyeshwe humo waziwazi. Nazo serikali za kaunti, kabla ya kuahidi jukwaa la maelfu ya watu, zisawazishe kwanza nyanja za shule na kuzichimbia mitaro ya maji, maana mvua za huku hazina msimu mrefu wa kupumzika.

Jambo hili halina nafasi ya kusubiri. Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu. Msichana wa Sironga atakayechagua njia hiyo hawezi kufundishwa mbio ubaoni. Na mwaka 2027, Kenya, Uganda na Tanzania zitakapoandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, mabilioni yatakuwa yametumika kwa viti na taa. Tuna haki ya kuuliza ni kiasi gani kilifika kwenye nyasi za shule.

Wingi wa uwanja ni nyanja, neno lile lile tunalolitumia tunaposema nyanja za elimu. Lugha haikutenga mahali pa kuchezea na mahali pa kujifunzia. Wajumbe wa bodi za shule wanapoketi kuchora ramani ya darasa jipya, walimu waliomo wasimame na kuuliza kwanza: uwanja utabaki wapi?