Umeme Unapita Juu ya Vichwa Vyetu



Kila tunapouliza habari ya umeme wa vijijini, twajibiwa neno moja tu: watu wa vijijini ni maskini, hawawezi kulipa. Wakubwa wa Leta wanalisema, watu wa makampuni wanalisema, na, jambo la kuhuzunisha, hata Wakristo wenzetu wanaokaa mjini wanaliitikia kama litania. Mimi nasema neno hilo si kweli, tena linatudhuru.

Tazameni kwanza mambo yalivyo. Mtambo wa Inga I ulianza kazi mwaka 1972, na Inga II mwaka 1982. Pamoja ilijengwa itoe megawati 1,775. Toka Inga hadi Kolwezi zikavutwa nyaya za urefu wa kilometa 1,700 hivi, zipeleke nguvu kwenye migodi ya shaba. Zinapita juu ya mashamba ya muhogo, juu ya shule na vikanisa vya nyasi, juu ya makaburi ya wazee. Mtoto anayekaa chini ya nguzo zile anasoma kwa koroboi. Bwana wetu alisema habari ya taa iliyofichwa chini ya pishi. Yetu sisi imetundikwa juu mno.

Mafundi watanijibu kwamba umeme wa njia ile ni wa mkondo mnyoofu, si kama ule wa nyumbani. Hauwezi kuchukuliwa popote njiani, maana kila mahali pa kuushusha panahitaji kituo kikubwa cha gharama nyingi. Ni kweli, wala sibishani na ufundi. Lakini nauliza: nani alichagua njia ya namna hiyo, na kwa ajili ya nani? Kabla ya kuchagua waya walikuwa wamekwisha kumchagua wa kuangaziwa. Wala desturi hiyo haikuanza na Mobutu. Kule Mwadingusha maji ya mto Lufira yalifungwa tangu mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya Union Minière. Yakaenea juu ya nchi, yakawa ziwa Tshangalele. Shaba ikapata moto wake. Hata leo, katika watu 100 wa Kongo, wenye umeme ni 20 hivi tu, na karibu wote ni watu wa mijini.

Nasi wa misioni tusijifanye wasafi. Mapadri wengi wa zamani walijua kufunga kijito na kuwasha taa za kanisa, za karakana na za nyumba yao. Kazi njema. Lakini mara nyingi waya uliishia kwenye ua.

Basi, turudi kwenye umaskini wetu. Nani amesema hatulipi? Mama ananunua petroli kwa kichupa, jioni kwa jioni. Kijana analipa ili simu yake ijazwe moto, halafu analipa tena kesho kutwa. Mwenye masini ya kusaga ananunua mazutu yaliyosukumwa juu ya baisikeli katika njia mbovu, na bei yake inaingia ndani ya unga tunaokula. Mtu anunuaye nuru kidogo kidogo ndiye anayeinunua ghali kuliko wote. Fedha ipo, inakwenda katika moshi.

Na kama hamniamini mimi, tazameni Kivu ya Kaskazini. Hifadhi ya Virunga ilifungua mtambo mdogo wa maji Mutwanga mwaka 2013, na mwingine wa megawati 13.8 pale Matebe, juu ya mto Rutshuru, mwaka 2015. Watu wakafungiwa mita, wakalipa kabla ya kuwasha. Mutwanga kikasimama kiwanda cha sabuni ya mawese. Hapakuwa na shaba pale, palikuwa na maji na watu. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 Goma ilikaa gizani kwa sababu mapigano yalikata nyaya. Ni vita vilivyowazimia, si ufukara.

Lakini kuna ubaya mwingine, nao unakuja umevaa nguo za wema. Ni zawadi isiyo na mwenyewe. Dispensari moja ninayoijua ililetewa mabamba ya jua, na batri, na friji ya chanjo. Ngoma zikapigwa, picha zikapigwa. Hakuna aliyeuliza: batri ikichoka, nani atanunua nyingine? Tukaanza kuleta simu zetu pale, halafu redio, halafu televisheni siku ya mpira. Nakiri, simu yangu ilikuwamo. Batri ya risasi ikimalizwa mpaka chini usiku baada ya usiku haidumu. Ile ikafa, friji ikazimika, na chanjo, ambazo zataka baridi ya digri 2 hadi 8, zikaharibika. Mkunga akarudia kuzalisha kwa tochi aliyoishika kwa meno. Wafadhili wakasema: mnaona, watu hawa hawajui kutunza. Ndiyo, tulikosa. Lakini hatukupewa daftari ya hesabu, wala kijana aliyefundishwa, wala sanduku la kuweka faranga 100 kwa kila simu. Tulipewa sherehe.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alivitaja vyama vya ushirika ambamo watu wa mahali pamoja hujitengenezea nguvu yao wenyewe. Sheria ya nchi nayo, tangu mwaka 2014, haimwachii tena mtu mmoja kazi ya umeme. Na sheria ya migodi ya mwaka 2018 inaidai kila kampuni itoe sehemu 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale inapochimba. Mara ngapi fedha hiyo imekuwa jengo lililopakwa rangi nzuri na lisilo na taa! Parokia zilizo karibu na migodi zipeleke watu wanaojua kusoma hesabu katika mikutano hiyo. Waombe mtambo wa kijito au wa jua, pamoja na fundi wa kijijini na sanduku la kununulia batri ya pili. Na wakubwa wakiuliza tutalipa kwa nini, wawekeeni mezani ile chupa ya petroli.