Mpiga picha naye apewe zamu

Miongoni mwa kazi ambazo vijana wetu wa shule za upili huzitamani pasipo kuzijua vyema ni ile ya upigaji picha za habari. Huiona picha katika ukurasa wa kwanza, huliona jina la aliyeipiga limeandikwa kwa herufi ndogo chini yake, na hudhani kwamba hapo ndipo kazi ilipoanzia na ndipo ilipokomea. Hawauoni usiku uliotangulia picha ile, wala hawaioni nyumba ambayo mwenyewe aliiacha ili kuipata. Walimu nao, ambao wajibu wao ni kuwafungulia vijana macho, aghalabu huwa na majibu mawili tu: ama huisifu kazi hiyo kwa kuwa ina umaarufu, ama huiponda kwa kuwa haina pensheni.

Nilipata kualikwa kuzungumza juu ya lugha ya magazeti katika shule moja ya Olenguruone, kule juu ukingoni mwa msitu wa Mau, ambako mtu hufika kwa kupitia Molo na Keringet. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza kama mtu anaweza kuwa mpiga picha wa gazeti na bado akalea watoto wake. Kabla sijafungua kinywa, mwalimu aliyeketi kando alimjibu, "Mshika mawili, moja humponyoka." Darasa zima likaangua kicheko na mjadala ukafa papo hapo. Hiyo ndiyo nguvu ya methali, na ndiyo hatari yake vilevile: hufunga mlango kwa kishindo kizuri hata pale ambapo mlango ungefaa kuachwa wazi. Swali la msichana yule linastahili jibu refu kuliko methali.

Yafaa kwanza tutambue kwamba halikuwa swali la ajabu kuulizwa mahali kama pale. Olenguruone ni jina ambalo wasomi wa historia ya Kenya hawawezi kulikwepa. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianzisha huko makazi ya Wakikuyu walioondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Wakaazi hao walizikataa kanuni walizowekewa, wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamekwisha kufurushwa, wengi wao wakapelekwa Yatta. Mwaka 1992 eneo hilo liliwaka moto wa mapigano ya kikabila, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kuresoi na Molo zikawaka tena. Nyakati kama hizo ndizo ambazo magari ya wanahabari huonekana kwa wingi katika barabara zile. Viazi vinapovunwa na chai inapochumwa, hakuna anayeshuka na kamera. Mtoto anayelelewa mahali pa namna hiyo humjua mpiga picha kama mgeni anayekuja na msiba na kuondoka nao, na ni haki yake kujiuliza mgeni huyo ana kwao wapi.

Tumtazame Mohamed Amin, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Mo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha shirika lake la Camerapix mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 na za mkasa wa kuuawa kwa Tom Mboya mwaka 1969. Mnamo Oktoba 1984, picha za njaa alizozipiga Korem, Ethiopia, akiwa pamoja na Michael Buerk wa BBC, ziliushtua ulimwengu, misaada ikamiminika, na Julai ya mwaka uliofuata likafanyika lile tamasha kubwa la Live Aid. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Mlipuko ule ulimuua John Mathai, fundi wa sauti aliyefuatana naye, na Mo mwenyewe akapoteza mkono wake wa kushoto. Alitiwa mkono wa bandia, akairudia kamera. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines aliyokuwa akirudi nayo Nairobi kutoka Addis Ababa ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Walikuwamo watu 175. 125 kati yao walikufa, naye Mo pamoja na mwandishi mwenzake, Brian Tetley, wakiwa miongoni mwao.

Maisha hayo tumezoea kuyasimulia kama utenzi wa shujaa, na ushujaa wake mimi siukatai. Ni watu wangapi wanaweza kusema kwamba kazi ya mikono yao iliwapa maelfu chakula? Lakini mkono ule wa bandia hutajwa kila mara kama thibitisho la moyo wa chuma, na hakuna anayeuliza nyumbani kwake waliipokeaje habari kwamba anarudi tena kazini. Mwanawe wa pekee, Salim, aliyezaliwa mwaka 1970 na ambaye baadaye aliichukua Camerapix, alitoa mwaka 2006 filamu kuhusu baba yake. Jina la filamu hiyo lenyewe, lililomtaja baba na mwana bega kwa bega, linajulisha kwamba baada ya miaka kumi bado kulikuwa na hesabu isiyofungwa. Ulimwengu ulipata picha, na mwana akabaki kumtafuta baba ndani ya picha hizo hizo.

Wala Mo hakuwa peke yake. Julai 1993 umati wenye hasira uliwaua mjini Mogadishu Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya wote wawili, pamoja na Dan Eldon aliyekuwa na umri wa miaka 22, na Hansi Krauss wa Ujerumani. Kwa karibu zaidi na Bonde la Ufa kuna Boniface Mwangi, aliyezipiga picha za ghasia za mwaka 2007 na 2008 akiwa na gazeti la The Standard. Shirika la CNN lilimtunuku kuwa mpiga picha bora wa habari barani Afrika mwaka 2008, na tena mwaka 2010. Mwenyewe amesema hadharani, mara nyingi, kwamba yale aliyoyaona yalimwandama baada ya bunduki na mapanga kunyamaza. Aliacha kazi ya gazeti, akazitoa picha zake barabarani katika maonyesho ya Picha Mtaani ili wananchi wajitazame. Filamu iliyotengenezwa juu yake na Sam Soko mwaka 2020, wakati ambapo alikuwa amekwisha kuingia katika uanaharakati na siasa, inazunguka swali moja lisilokwisha baina yake na mkewe: lipi litangulie, nchi au jamaa?

Watu hawa ni mashuhuri, na umashuhuri huweza kutupoteza njia. Wengi wa wale ambao picha zao tunazisoma kila asubuhi si mashuhuri. Ni waandishi wa mashinani, wasio waajiriwa, ambao hulipwa kwa kila habari au picha iliyochapishwa. Isipochapishwa, nauli imekwenda na siku imekwenda. Mtu wa namna hiyo aishiye Keringet au Olenguruone hana pa kurudi baada ya kazi, kwa sababu kazi imemkuta kwake. Mpiga picha aliyetumwa kutoka Nairobi akimaliza hupanda gari na usiku huo hulala penye taa. Huyu wetu aliyeipiga picha ya nyumba ya jirani ikiteketea atakutana na jirani huyo kesho kisimani. Mtoto wake anasoma darasa moja na mtoto wa yule aliyeonekana pichani ameshika upinde. Kwake yeye, kusema kwamba kazi ibaki kazini na nyumbani pabaki nyumbani ni kumfanyia mzaha.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nigusie lugha, kwani ndiyo fani yangu. Siku hizi neno linalotumika ni "kusawazisha": kusawazisha kazi na maisha, kana kwamba mtu ameshika mizani, huku kazi, huku maisha, naye aongeze na kupunguza mpaka ulimi utulie katikati. Fumbo hilo halinifurahishi. Kwanza linaitoa kazi nje ya maisha, jambo ambalo mkulima wa viazi wa Olenguruone hawezi kulielewa. Pili, na hili ndilo zito, linamtwika mshika mizani lawama yote. Kama nyumba imevunjika, basi yeye ndiye hakujua kupima.

Ilhali Kiswahili kina neno lake la zamani, neno zamu. Zamu haishikwi na mtu mmoja. Ili niwe na zamu, sharti awepo mwingine atakayenipokea, na sharti awepo mpangaji anayewajibika kwa mpango. Mume wa wake wawili, ambaye wengi humdhania kuwa bwana wa nafsi yake, hufungwa na zamu. Na hakuna anayelijua jambo hili vyema kuliko walimu. Mwalimu wa zamu huamka kabla ya kengele, huhesabu wanafunzi, huonja maharagwe, huzunguka mabweni usiku, na juma likiisha humkabidhi mwenzake daftari, akaenda kwa watoto wake bila kuitwa mtoro. Hakuna mwalimu mkuu mwenye akili timamu ambaye angemwachia mtu mmoja daftari lile kutoka Januari hadi Novemba, kisha amlaumu kwa kutojua kusawazisha maisha yake. Lakini hivyo ndivyo vyumba vingi vya habari vinavyomfanyia mpiga picha, seuze yule wa mashinani ambaye hata jina lake halimo katika orodha ya wafanyakazi.

Sheria haikulala. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na majuma mawili kwa baba. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Tatizo liko katika neno "mwajiriwa". Anayelipwa kwa picha huambiwa kwamba yeye si mwajiriwa bali ni mchangiaji, na kwa neno hilo moja hupoteza siku yake ya saba, likizo yake na fidia yake. Wanafunzi wangu wanaponiuliza isimu ina faida gani, huwaonyesha mambo kama haya.

Na jeraha silo la mkono peke yake. Mwaka 2015 daktari wa magonjwa ya akili, Anthony Feinstein wa Toronto, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti juu ya wanahabari wa Kenya, wakiwamo wale walioshughulikia ghasia za baada ya uchaguzi. Hao waliokuwa kwenye ghasia walionyesha dalili nyingi zaidi za kiwewe kuliko wenzao ambao hawakuwako. Nani anayezipokea dalili hizo? Si mhariri. Huzipokea mke, mume, na mtoto anayeshangaa kwa nini baba hashtuki anapoona damu lakini hushtuka mlango unapobamizwa.

Wahariri watanijibu kwamba habari haisubiri orodha ya zamu. Ni kweli, na mimi sidai kwamba moto uahirishwe. Hata hivyo wauguzi, askari na wazima moto nao hushughulika na mambo yasiyosubiri, na zamu wanazo. Isitoshe, zamani kazi yenyewe ilikuwa na pumziko lake la lazima. Picha iliyopigwa Olenguruone mwaka 1992 ilikuwa katika filamu. Filamu ilipaswa kusafirishwa, kusafishwa katika chumba cha giza na kuchapishwa, na muda huo mtu aliweza kula na kulala. Leo picha hufika mezani kwa mhariri kabla moshi haujatoweka, na dakika tano baadaye simu hulia ikitaka nyingine. Pumziko ambalo uzito wa mitambo ulilitoa bure, sasa halina budi kutolewa na watu kwa makusudi.

Nirudi kwa lile la wasichana, maana sikusikia mvulana hata mmoja katika darasa lile akiuliza kuhusu kulea watoto. Mwanamume asiyeonekana kwake kwa mwezi mzima huitwa mchapakazi. Mwanamke akikosekana kwa siku tatu, majirani hukaa kikao. Kwa hiyo mabinti huchuja ndoto zao mapema, na magazeti yetu hubaki na macho ya upande mmoja, hata katika habari za kambi za wakimbizi wa ndani ambako wengi wa wanaopigwa picha ni akina mama na watoto wao. Mwalimu anayemnyamazisha msichana kwa methali anapunguza idadi ya macho hayo pasipo kujua.

Basi siku ya ushauri wa kazi, wanapokuja wageni kutoka magazetini na kamera zao shingoni, wanafunzi wawaulize maswali yafuatayo bila haya: mara ya mwisho ulipumzika lini, nani alishika kamera siku hiyo, na ukivunjika mguu huko Mau nani atalipa hospitali? Naye mhariri wa picha anayeusoma ukurasa huu anaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji kikao cha bodi: abandike ukutani orodha ya zamu ya mwezi ujao, na jina la mwandishi wake wa Kuresoi liwemo.